Usipake Rangi Juu ya Deni la Fundi

Neno letu la leo liko Yeremia 22, mstari wa 13 hadi wa 18. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, halafu urudi hapa. Leo tunaongea juu ya kabati za jikoni. Usicheke. Neno la Mungu huwa linaingia mpaka jikoni.

Tangu Mama Mchungaji aweke zile picha, mmenijazia inboksi kwa swali moja: "Pasta, jikoni kwenu mlifanyaje, na iliwagharimu pesa ngapi?" Nitajibu yote, hata hesabu. Lakini nikijibu hesabu peke yake nitakuwa nimekunyima sehemu iliyo muhimu zaidi, kwa hivyo soma hadi mwisho.

Waliowahi kuingia kwetu wanazijua zile kabati. Mwalimu mstaafu aliyetuuzia nyumba alizitengenezesha kwa mbao za mvule, nzito, milango 11 na droo 4. Vanishi yake ilikuwa imegeuka nyeusi kwa miaka ya moshi wa kuni na mafuta ya kupikia. Wageni walizitazama kwa huruma. Fundi mmoja kule Kitale akatupigia hesabu ya kung'oa zote na kuweka mpya za MDF, zile zinazong'aa kama kioo: shilingi 140,000. Tukamshukuru, tukapanda matatu tukarudi mlimani.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza anaketi na kuhesabu. Nasi tukaketi. Swali letu la kwanza halikuwa "Je, zimepitwa na wakati?" Lilikuwa "Je, zimeoza?" Mpendwa, hayo ni maswali mawili tofauti, na watu wengi wameingia kwenye deni kwa sababu waliyachanganya.

Tulifungua kila mlango. Tulichukua bisibisi tukaichomekachomeka chini ya sinki, mahali maji hupenda kujificha. Tukakuta ubao mmoja tu umeoza, na bawaba nyingi zimelegea. Mengine yote yalikuwa mazima. Mvule ni mti ambao mchwa hauwezi kwa urahisi, na ndani yake mara nyingi kuna vijiwe vya chokaa vinavyoua makali ya msumeno. Aliyezitengeneza kabati zile alifanya kazi kwelikweli. MDF nayo ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ikikaa mahali pakavu inafaa, lakini ukingo wake ukinywa maji unavimba, na ukivimba haurudi. Kwa hivyo tungekuwa tumetoa mti mgumu na kuweka unga, kwa sababu ya rangi tu.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi watu wa Mlima Elgon. Mnakumbuka Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, mpaka Rais alipotangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Wenye karakana hapa wanajua mbao zilivyokuwa taabu kupatikana. Lakini msitu huo wa juu yetu ndio unaotulindia maji, na mito kama Kuywa inaanzia huko. Mlango mzima unaookolewa jikoni ni ubao mmoja ambao hakuna haja ya kuutafuta tena.

Sasa, kazi yenyewe tuliifanya hivi.

Tulingoja Januari. Mnajua ukungu wetu wa Kapsokwony wakati wa mvua. Rangi inaweza kukaa siku tatu bado inanata kidole. Tukafungua milango yote, tukaandika namba nyuma ya kila mmoja ili urudi mahali pake. Tukaosha mafuta kwa maji moto, sabuni na magadi kidogo, kisha tukasuuza vizuri na kuacha pakauke kabisa. Usiruke hatua hii. Rangi haishiki juu ya mafuta, hata ukinunua ile ya bei ya juu kuliko zote.

Halafu msasa, namba 120 kwanza, kisha 240. Funga pua na mdomo, kwa sababu vumbi la mvule huwasha ngozi na kusumbua kifua. Na kama kabati zako zilipakwa rangi zamani, zisiguliwe kwa maji na watoto wakiwa mbali, maana baadhi ya rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Baada ya msasa tukaziba matundu kwa puti, tukapangusa kwa tina kwa sababu mvule una mafuta yake yanayochelewesha rangi kukauka. Tukapaka andakoti, ili weusi wa mti usipenye juu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba nyembamba, nyeupe ya maziwa. Zile droo 4 tuliziacha na sura ya mti wenyewe, tukazipaka vanishi safi tu. Nyumba isisahau ilikotoka.

Hesabu, kwa bei tulizozipata madukani Kimilili siku zile:

Msasa, puti, sabuni na magadi: 900
Andakoti lita 4: 2,600
Rangi lita 4: 3,600
Brashi, rola na tina: 1,140
Bawaba 22: 1,760
Vishikio 15: 1,800
Fundi, siku 5 kwa 1,500: 7,500

Jumla ni shilingi 19,300. Ubao wa chini ya sinki tulikuwa nao stoo.

Mpendwa, tazama tena huo mstari wa mwisho. Mtu mmoja aliposikia jumla yangu aliniambia, "Pasta, mngeweza kushusha mpaka elfu kumi na mbili. Huyo kijana si ni wa kanisa? Angefanya kama huduma." Hapo ndipo ujumbe wa leo ulipo.

Kijana aliyetufanyia kazi ni mshirika mwenzetu. Amenipa ruhusa niseme haya bila kutaja jina. Siku ya tatu, tukiwa tunasugua milango pamoja uani, nilimwuliza mbona anaazima randa ya jirani wakati yeye ni fundi wa miaka mingi. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba yake aliiuza mwaka uliopita ili kulipa karo, na kwamba kuna nyumba tatu zinazomdai asubiri. Alimaliza kazi, milango inafungika vizuri, akaambiwa, "Fundi, Mungu atakubariki, wacha mwezi uishe." Mwezi ulishaisha mara nyingi. Nyumba zote tatu zinaimba nasi Jumapili.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Soma Yeremia 22 tena sasa. Mfalme Yehoyakimu alitaka nyumba pana, madirisha makubwa, kuta za mwerezi, na rangi nyekundu juu yake. Biblia haimlaumu kwa kupenda rangi. Inamlilia ole kwa sababu alimtumikisha jirani yake bila ujira. Kisha Bwana anamkumbusha juu ya baba yake, Yosia. Naye alikula na kunywa, hakuishi maisha ya taabu, lakini aliwatendea haki maskini na wahitaji. Na Bwana anasema jambo zito: huko kutenda haki ndiko kumjua Yeye. Hakutaja urefu wa maombi yetu wala ukubwa wa sauti zetu.

Ukitaka ushahidi mwingine, soma 2 Wafalme 12. Wakati wa Mfalme Yoashi, nyumba ya Mungu yenyewe ilikuwa imebomoka. Pesa zilizokusanywa kwenye sanduku zilihesabiwa, zikatolewa, na maseremala na waashi wakalipwa. Kama hekalu halikukarabatiwa kwa jasho la bure, jikoni kwako kutakarabatiwaje? Na Kumbukumbu la Torati 24 inasema maskini apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe kabla hajapokea, kwa kuwa moyo wake unautegemea.

Bajeti ndogo si dhambi. Mungu wetu ni Mungu wa mikate mitano. Punguza kwa kutunza mbao ulizo nazo. Punguza kwa kuosha na kusugua wewe mwenyewe na watoto wako. Acha vishikio vya zamani kama bado vinashika. Paka milango ya chini mwaka huu na ya juu mwaka kesho. Lakini usipunguze kwenye mkono wa fundi, maana ukipunguza hapo utakuwa umekopa bila kumwuliza mwenye mali.

Binti zetu mlioko Saudia na Qatar, mnaotuma pesa ili jikoni la mama lipendeze, Mungu awakumbuke. Ninyi mnajua uchungu wa mshahara unaocheleweshwa. Basi mkituma, tumeni ya vifaa na ya fundi kando kando, na mumpigie simu fundi mwenyewe kuuliza kama imefika.

Nanyi mafundi, Neno hili linawahusu pia. Ukipewa pesa za mwanzo, usizime simu. Kubaliana bei kabla ya kushika randa, iandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, na umalize siku uliyosema.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa nyumba zetu, za mabati na za matofali. Tupe macho ya kuona kilicho kizima ndani ya kilichozeeka. Utuondolee aibu ya kutazamwa na wageni, utupe hofu ya kutazamwa na Wewe. Na jasho la mtu yeyote lililokauka ndani ya kuta zetu bila kulipwa, utukumbushe leo hii, tulirudishe. Katika jina la Yesu.

Mpendwa, najua unataka kuandika AMINA hapo chini. Ngoja kidogo. Kama kuna fundi unayemkumbuka wakati unasoma haya, fungua M-Pesa kwanza, umtumie yote, au umpigie mpatane utamaliza lini. Halafu urudi uandike AMINA.

Ubarikiwe. Tukutane Jumapili.