Nyuki na Kombe

Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United waliifunga Yanga 3-1, tena Chamazi, Dar es Salaam. Sikonge hatukulala. Mjomba, mrina asali asiye na habari na mpira, alinunulia kijiwe kizima soda kwa sababu tu timu inaitwa Nyuki wa Tabora.

Msimu ulipoisha, ubingwa ukabaki Yanga.

Dakika 90 unaweza kuzishinda kwa hasira. Ligi ni mechi 30. Agosti 2023 timu hiyohiyo, bado ikiitwa Kitayosce, iliingia uwanjani dhidi ya Azam na wachezaji wanane kwa matatizo ya usajili, mchezo ukavunjika. Azam wenyewe walipanda daraja 2008, wakajenga uwanja na akademi, ndipo 2013/14 wakatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Na hao wana tajiri!

Mdogo wangu, beki wa kushoto, anataka kuacha shule kidato cha tatu ajiunge na timu moja ya mjini. Mama ananiuliza mimi, eti msomi wa uzamili. Nimemwambia dogo aulize kwanza: vijana wanalala wapi, ada analipa nani? Bado hajaniletea jibu.