Kuuliza Jina

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba mji wa Sumbawanga ulipata jina lake kutokana na amri ya kutupa uchawi. Mgeni aliyepanda uwanda huu kutoka bonde la Rukwa, au kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika, alitakiwa auache uchawi wake nje ndipo aingie. Naitanguliza habari hii kwa sababu mwezi wa Juni mmoja, ukungu wa milima ya Mbizi ukiwa bado umelala juu ya mapaa, nilisikia kwa masikio yangu neno la uchawi likitamkwa sebuleni kwa shangazi yangu, nalo lilielekezwa kwa mpwa wangu, kijana ambaye sikupata kumwona akichukua hata senti isiyo yake.

Shangazi ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wasagao ulezi na kuuza unga wake Mbeya na Dar es Salaam. Walitaka wawe na tovuti, mnunuzi wa mbali apate kuwaona. Jina walilolichagua lilikuwa neno la Kifipa la zamani, ambalo shangazi alilipokea kwa mama yake, na ambalo mimi, niliyesomea lugha hata nikapewa shahada ya udaktari, nilikuwa sijalisikia. Mpwa wangu alitumwa aulizie kama jina hilo, likiwa na mkia wa .com, lilikuwa wazi. Alirudi na jibu jema: lilikuwa wazi, na bei yake ingeweza kulipwa kwa mauzo ya siku moja. Wanawake wakaanza kuchanga. Kuchanga kukachukua siku tisa, maana kila mtu alikuwa na karo na mbolea ya kufikiria. Siku ya kumi jina lilikuwa limekwisha chukuliwa. Mahali pake palikuwa na ukurasa mtupu na tangazo kwamba lauzwa, kwa bei iliyozidi ile ya kwanza mara sitini.

“Mjukuu wangu,” shangazi alimwuliza, “jina la mama yangu umelipeleka wapi?”

“Bibi, sikumwambia mtu.”

“Hukumwambia mtu, na mtu amelijua! Basi ni uchawi, au ni wewe.”

Kijana alinitazama ili nimtetee, nami sikumtetea. Nakiri kosa hilo hapa kwa kuwa nimekwisha kulikiri mbele yake. Nilidhani kwamba neno ambalo halimo katika kamusi yoyote niijuayo haliwezi kutoka nje ya chumba kile pasipo kinywa cha mmoja wetu. Mwaka mzima shangazi hakumtuma tena kwa jambo lenye fedha.

Nilianza kujua kosa langu siku nilipomwomba anionyeshe alivyouliza. Alichukua simu akanionyesha. Alikuwa ameandika jina lile katika kurasa za wauzaji watatu, ambao hakumjua hata mmoja, kusudi alinganishe bei. Hapo nilielewa kwamba alisema kweli na kwamba hata hivyo jina lilikuwa limesemwa, tena mara tatu.

Yafaa nieleze. Katika mtandao kila jina la kikoa huandikwa katika daftari moja kuu la mkia wake, majina ya.com yana daftari lao na ya .tz lao. Mnunuzi wa kawaida haligusi daftari hilo. Huenda kwa wakala aliyeidhinishwa kuandika kwa niaba yake, au kwa mchuuzi aliye chini ya wakala. Unapouliza kwenye ukurasa wa wakala kama jina li wazi, swali lako hupita mikononi mwake, naye aweza kulihifadhi. Mkulima wa Ufipa alijua jambo hili kabla ya kompyuta. Ukiuliza kwa sauti mbele ya madalali kama kiwanja cha marehemu fulani chauzwa, usishangae ukirudi na fedha ukamkuta dalali ndiye mwenye kiwanja.

Mambo haya yalipata kuchunguzwa. Mwezi wa Oktoba 2007 kamati ya usalama ya ICANN, shirika lenye makao Marekani lisimamialo utaratibu wa majina ya mtandao, ilitoa taarifa juu ya malalamiko ya watu waliouliza majina kisha wakayakuta yamechukuliwa. Januari 2008 wakala mmoja mkubwa wa huko, Network Solutions, alionekana akifanya hivyo waziwazi: jina lililoulizwa kwenye ukurasa wake alilishika yeye mwenyewe kwa muda wa hadi siku nne, hata muulizaji asiweze kulinunua kwa mwingine. Bei yake ilikuwa karibu dola 35 kwa mwaka, na wengine waliuza chini ya dola 10. Alijitetea kwamba awalinda wateja wasitanguliwe na walanguzi. Utetezi huo wanikumbusha mlinzi wa shamba la mahindi aliyekutwa na magunzi.

Iliwezekana kwa sababu ya kanuni iliyowekwa kwa nia njema. Wakala aliyeandikisha jina la .com aliruhusiwa kulirudisha ndani ya siku tano akarudishiwa ada yote, kusudi makosa ya tahajia yasahihishwe bila hasara. Walanguzi wakaitumia kuyaonja majina kwa mamilioni, kama mtu aonjaye kila chungu sokoni asinunue hata kimoja. ICANN ilipoanza kutoza warudishaji wa kupita kiasi, mwaka 2008 na kwa kanuni kamili mwaka 2009, majina yaliyorudishwa yalipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Walakini mwenye kukubali kulipa ada ya jina moja bado aweza kukutangulia.

Mwalimu wa Kiswahili hapiti hapa bila kuwakumbuka Disney, walioomba mwaka 1994 maneno “hakuna matata” yawe alama yao ya biashara ya mavazi huko Marekani, wakaandikishiwa mwaka 2003. Ile ni sheria nyingine, lakini uchungu wake ni jamaa ya ule wa shangazi.

Je, wauzaji wale watatu walituibia? Siwezi kuapa. Ile kamati ya 2007 yenyewe haikupata ushahidi wa kutosha katika malalamiko iliyoyasikia, nami ninao mchache kuliko wao. Neno geni kwetu laweza kuwa jina la ukoo katika nchi nyingine. Nimekwisha mdhania mtu mmoja pasipo ushahidi. Sitaki kuongeza wa pili.

Shangazi alikataa kulinunua. “Silipi jina la mama yangu,” alisema, na mjadala ukaisha.

Mara ya pili tulikwenda kinyume. Fedha zilitangulia, zikakaa tayari. Tuliamua mkia wa .co.tz, wa wafanya biashara wa nchi hii, ambao usimamizi wake u chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Wakala tulimchagua kabla ya jina: awe miongoni mwa walioidhinishwa, ana ofisi na simu inayopokelewa, aeleze bei ya kuhuisha jina mwaka wa pili, maana wengi hushusha ya kwanza na kupandisha ya baadaye, na akubali kutukabidhi msimbo wa kuhamia kwa mwingine tukitaka. Nilimpigia mara mbili juu ya jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, limewapotezea watu wa mikoani majina mengi kuliko ulanguzi wote: kijana atengenezaye tovuti hujiandika yeye kuwa mwenye jina, na siku mkigombana, au akihama, jina huondoka naye. Letu liliandikwa kwa kikundi, kwa baruapepe ya kikundi.

Jina jipya lilisemwa sebuleni kwa shangazi siku ya Jumamosi, mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya baridi. Mpwa wangu aliliandika mara moja tu, likawa wazi, akalipa pale pale. Kisha shangazi akachukua daftari lenye nywila, akalifunga kwa kipande cha kanga, akampa yeye alitunze.