Pango la Bibi na Duka la Baba

Wageni wanaopanda Marangu siku hizi hawaendi mlimani tu. Wako wanaolipa kiingilio ili washuke chini ya ardhi, katika mapango yaliyochimbwa na wahenga wetu Wachagga, kisha watoke na udongo magotini na picha za kuwaonyesha jamaa zao. Kwa sababu hiyo mdogo wetu, ambaye katika biashara ana akili kutuzidi, alitujia na shauri la kufungua pango la ukoo lililomo katika kihamba alichotuachia baba. Alikwisha kupiga hesabu ya kila kitu: taa, ngazi, banda la kupumzikia, na kijana wa kuwaongoza wageni. Tulikubaliana naye karibu katika yote. Tulipishana katika jambo moja tu, nalo ni maneno atakayoambiwa mgeni akiwa ndani.

Yeye alitaka mgeni aambiwe habari za vita na ushujaa wa wazee, basi. Sisi tulitaka aambiwe pia habari za sabuni.

"Kaka," akatuambia, "mgeni hatoi fedha yake ili asikie aibu ya baba."

Neno hilo lilitukosesha usingizi, maana halikuwa neno la kipumbavu. Haya tunayoyaandika ndiyo majibu yetu kwake, na kwa kuwa yanahusu namna ya kutunza urithi wa taifa, tumeona si vibaya walimu na wanafunzi wayasome pia.

Kabla ya Wajerumani kuitawala nchi hii, karne ya 19 ilikuwa karne ya mashaka katika Kilimanjaro. Morani wa Kimasai walipanda kutoka mbugani kuja kutwaa ng'ombe. Lakini si haki kuwatwisha Wamasai lawama yote, kama ilivyo desturi ya wasimulizi wengi. Wamangi wetu wenyewe walivamiana. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walikuwa mahasimu wakubwa, na mara nyingi watu wa ng'ambo moja ya mto waliwakimbia watu wa ng'ambo ya pili, hali wote ni Wachagga. Basi hofu iliyochimba mapango yale ilikuwa hofu ya mgeni, na ilikuwa pia hofu ya jirani.

Mlango wa pango letu ni mwembamba. Mtu huingia kwa tumbo, kichwa kikitangulia, hata adui akija hawezi kupita ila mmoja mmoja, na mlinzi anayemngoja ndani na rungu hahitaji kuwa na nguvu nyingi. Baada ya hapo njia inapinda, ndipo unapofika penye vyumba: cha akina mama na watoto, cha mifugo, na kishimo ukutani palipowekwa moto. Udongo uliochimbwa, kama tulivyosimuliwa na bibi, haukuachwa mlangoni, kwa maana udongo mpya ni shahidi. Ulibebwa kwa vikapu usiku ukatupwa mtoni, ili maji yaupeleke mbali kabla ya kupambazuka.

Bibi yetu, mama wa baba, hakupata kujificha humo yeye mwenyewe. Alizaliwa vita vilipokuwa vimekwisha. Lakini mama yake alijificha. Siku moja, maadui wakiwa juu ya vichwa vyao, mtoto mchanga wa mama huyo alianza kulia. Mama alimziba kinywa kwa kiganja chake. Maadui walikaa juu muda mrefu, na kiganja nacho kikakaa muda mrefu. Walipotoka, watu wote walikuwa hai isipokuwa mtoto yule. Bibi alikuwa akisema, "Sisi wote tunakula ndizi za yule mtoto." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja deni linalojulikana na kila mtu nyumbani.

Bibi alikuwa Mkristo thabiti. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi yao Machame mwaka 1893, na neno likasambaa kutoka huko hata kufika kwa wazazi wake. Katika Biblia nzima alimpenda zaidi Obadia, yule msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu aliyewaficha manabii mia moja pangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji wakati wa njaa. Bibi hakuwa na shaka kwamba Obadia angewaelewa Wachagga.

Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, naye alikuwa na duka. Mtaji wa duka ulitokana na kahawa. Zao hilo lilipandwa na mapadri wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, likaenea katika vihamba. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kulinda na kuuza kahawa, na mwaka 1933 ukaanzishwa muungano wa ushirika uliojulikana nchini kote kwa jina la KNCU. Babu alikuwa mwanachama. Kwa hiyo biashara ya kwanza kuijua nyumbani kwetu ilikuwa ya kupima pamoja na kuuza pamoja. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo kusimama peke yake nyuma ya meza, na mizani ikiwa mbele yake.

Walioishi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka dhiki ya wakati ule. Vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba ya nchi, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mno. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, hata betri za kurunzi, vikawa bidhaa adimu. Watu walipanga foleni bila kujua kinachouzwa. Mama alifua nguo kwa majani ya mpapai na majivu. Kisha, mwezi wa Machi mwaka 1983, Serikali, ikiongozwa katika jambo hilo na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Wenye mali iliyofichwa wakashikwa na hofu, na wengine wakaitupa porini na mitoni.

Sisi tulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Siku moja jirani yetu, mama aliyejifungua wiki iyo hiyo, alimtuma binti yake aje kuomba kuuziwa kipande cha sabuni ya kufulia nguo za mtoto. Tulikuwa tumesimama karibu na mizani. Baba akamwambia, "Mwanangu, mwambie mama hakuna." Binti akaondoka.

Siku mbili baadaye, kwa utundu wa kitoto, tuliamua kuingia pangoni pamoja na binamu yetu, ingawa tulikwisha kukatazwa mwezi mzima. Kurunzi ilikuwa na betri zilizokwisha nguvu, tukazianika juani tangu asubuhi ili zipate uhai kidogo. Tulitambaa kwa tumbo, mizizi ikitupapasa shingoni, mwanga ukiwa mwekundu kama wa kaa linalozimika. Kabla hatujafika penye vyumba, tulisikia harufu. Haikuwa ya popo wala ya udongo. Ilikuwa harufu ya sabuni.

Katika chumba cha akina mama na watoto yalipangwa makasha ya sabuni za mche, na pembeni yake magunia ya sukari, juu ya matandiko ya majani makavu ya migomba ili yasipatwe na unyevu. Tulikaa kimya. Binamu yetu alitaka kulamba sukari. Sisi tulitaka kutoka.

Hatukuthubutu kumwambia baba. Tulimwambia bibi. Hakusema neno, aliomba fimbo yake na bega letu, akaenda hata mlangoni pa pango, akaketi juu ya jiwe, akamwita mwanawe.

Baba alipofika, alijua. Alijitetea, na ni wajibu wetu kueleza utetezi wake, kwa sababu hakuwa mtu mwovu. Alisema mali ile aliinunua kwa bei ya juu kwa njia ya mlango wa nyuma. Akiiuza kwa bei ya Serikali, mtaji wote utakufa, na watoto watakosa ada ya shule. Alisema walioanza kuficha hawakuwa yeye. Mwishowe akasema kwamba sasa, kwa ajili ya msako, amekwisha kuazimia kuibeba yote usiku na kuitupa mtoni.

Bibi akamwuliza, "Waliochimba hapa walitupa nini mtoni?"

"Udongo, mama."

"Kwa nini?"

"Watu wapone."

"Nawe utatupa sukari na sabuni ya watoto wachanga, ili upone wewe peke yako?"

Baba hakujibu. Bibi akaongeza, "Mwenzako Obadia aliwaficha watu pangoni. Aliyeficha mali alikuwa Akani, tena chini ya hema lake. Wewe ni mzee wa kanisa, unajua mwisho wa kila mmoja wao." Kisha akanyosha mkono kwenye ua, akachuma jani la isale, akampa.

Ndugu msomaji ambaye si wa Kilimanjaro yafaa afahamu kwamba isale ndilo jani linalozunguka vihamba vyetu na kuonyesha mipaka yake. Pia ndilo jani la kuombea msamaha. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyekosewa, na kwa mila yetu si rahisi aliyeletewa isale akakataa kusamehe. Wapo waliofikiri kwamba desturi hiyo haina nafasi kwa Mkristo. Bibi hakuona ugomvi wowote kati ya jani lile na sala anayosema mtu akitaka kusamehewa makosa yake kama anavyowasamehe wengine.

Jioni ile baba alikwenda kwa yule mama mzazi, isale katika mkono mmoja na mche wa sabuni katika mkono wa pili. Kutoka huko alipitia kwa balozi wa nyumba kumi akamweleza yote. Kesho yake mali ikatolewa pangoni, ikauzwa mbele ya balozi kwa bei ya Serikali, kila nyumba kipimo chake, hata ikaisha. Baba alihojiwa siku mbili, akaachiliwa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya usharika akaungama, na kwa muda hakushiriki Meza ya Bwana.

Tungependa kusema kwamba baada ya hayo mambo yalinyooka, lakini sivyo. Mtaji ulikufa kama alivyotabiri. Duka lilifungwa, na lilipofunguliwa tena miaka kadhaa baadaye lilikuwa na chumvi na viberiti tu. Ada ya shule ikawa ya kubahatisha, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya elimu yetu ikomee kidato cha nne. Tumekaa katika ofisi za Serikali miaka mingi tukiwaona wenzetu wenye shahada wakitupita, na zipo siku, hatuna budi kukiri, ambapo tulilikumbuka jani lile la isale kwa uchungu. Lakini hatukupata kamwe kumkumbuka baba kwa haya.

Sasa turudi kwa mdogo wetu. Ni kweli kwamba mgeni hatoi fedha ili asikie aibu ya baba. Ila tunauliza: je, ile ilikuwa aibu? Aibu ilikuwa siku mali ilipokuwa ndani. Siku ilipotolewa, pango lilirudi kuwa la ukoo. Tena baba mwenyewe hakuificha habari hiyo; aliitangaza kanisani. Sisi tukiificha, tutakuwa tumeingiza pangoni kitu ambacho yeye alikwisha kukitoa.

Utamaduni wa taifa haujengwi kwa ushujaa uliochaguliwa kama mbegu za kahawa, mbovu zikatupwa. Shimo lile lina thamani si kwa sababu ni refu wala la kale, bali kwa sababu kila kizazi kililiendea na swali moja: tunaficha nini, na kwa ajili ya nani? Mama wa bibi alijibu kwa namna inayotutisha hata leo. Baba alijibu vibaya, kisha akajibu vema, na akalipa gharama yake. Walimu wanaowatuma wanafunzi kukusanya habari za wazee wao wasiwaonyeshe kwamba majibu mema ndiyo pekee yanayofaa kuandikwa daftarini.

Tulimwandikia mdogo wetu maneno haya kabla ya kuyatuma kwa wahariri. Hakutujibu kwa barua. Tulipokwenda nyumbani sikukuu ya Krismasi, alitupa taa tuingie wenyewe tukaone kazi ilipofikia. Ngazi ilikuwa imekamilika, na nyaya za umeme zimepita vizuri ukutani. Katika chumba cha akina mama na watoto, ndani ya kile kishimo cha moto, alikuwa ameweka mche mmoja wa sabuni.

Mgeni akiuliza, ataambiwa.