Mlaji wa Peke Yake na Pizza Yake

Desturi yetu ni kula pamoja. Bugali yawekwa katikati katika sahani moja, sombe pembeni, samaki wa ziwa Albert katika bakuli, na mikono yote yaelekea mahali pamoja. Hapo ndipo mtoto ajifunzapo adabu: asimege tonge kubwa mno, asinyang'anye kipande kilicho mbele ya mwenzake, angoje wakubwa waanze. Kwa hiyo mtu alaye peke yake hutazamwa kwa jicho baya. Watu husema ni mchoyo, au amegombana na nyumba yake, au ana siri. Na yeye mwenyewe, akiisha kusikia hayo tangu utoto, huona haya.

Walakini siku hizi walaji wa peke yao ni wengi, wala si kwa uchoyo. Hapa Bunia tunawaona kila siku: waalimu wa vijijini waliokuja kufuata mshahara, wanafunzi waliopanga chumba, wachuuzi kutoka Aru na Mahagi, watu waliokuja kumtazama mgonjwa hospitalini. Tena wako waliokimbia fujo za Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017. Wengine wao walizoea chungu kimoja kwa watu kumi, na sasa wamebaki na mkono mmoja tu, mkono wao wenyewe. Watu hawa tumewaona wakipita mbele ya mkahawa mara mbili, mara tatu, wakichungulia ndani, kisha wakaenda kununua mkate mkavu na kuutafuna njiani. Wengine huenda penye pombe, maana penye pombe hakuna amwulizaye mtu kwa nini yu peke yake. Mwili hudhoofika, fedha huisha, na moyo nao hukauka. Jambo hili si dogo, nasi twataka kulisema wazi: mtu asiye na mwenzi mezani asijinyime chakula chema kwa sababu ya aibu.

Mfano wetu utakuwa pizza. Tumeichagua kwa sababu vijana wetu hutuuliza habari zake. Wakirudi kutoka Kampala au Nairobi huisifu, au huilaumu kwa uchungu kwa kuwa iliwala fedha nyingi. Hapa kwetu pia hoteli chache zilizozoea wageni wa mashirika huipika. Lakini sababu iliyo kubwa ni hii, ya kuwa pizza kwa asili yake ni chakula cha mtu mmoja.

Pizza ni mkate. Ilitoka Napoli, katika kusini ya Italia, mji wa bandari wenye watu wengi na vyumba vidogo. Maskini wa huko, wachukuzi na wavuvi, wengi hawakuwa na jiko la kutosha chumbani. Katika karne ya 18 na ya 19 walinunua njiani mkate huu bapa, wa moto, wenye mafuta na kitunguu saumu, na nyanya pia, ambazo asili yake ni Amerika. Waliukunja mara mbili kama barua, wakaula wamesimama, wakarudi kazini. Husimuliwa kwamba mwaka 1889 mwokaji Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita pizza yenye rangi tatu za bendera ya Italia: nyekundu ya nyanya, nyeupe ya jibini, na kijani ya majani ya mrihani. Wanahistoria hawaikubali hadithi yote, lakini jina la Margherita limebaki mpaka leo. Na mwaka 2017 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa waokaji wa Napoli katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi msomaji aone. Chakula hiki hakikuanza karamuni. Kilianza mkononi mwa mtu mmoja mwenye njaa na kazi inayomngoja. Hata leo huko Napoli, watu wanne wakikaa meza moja, kila mtu huletewa yake nzima. Mwenye kuila peke yake haivunji desturi ya pizza; aitimiza.

Sasa, mtu aingiaye mji mkubwa, asiye na mwenyeji wa kumwonyesha, ataijuaje pizza njema? Sisi tuandikao haya, tukiwa mtu mmoja na mfuko mmoja, tumejifunza mambo matano, nayo yafaa kwa chakula kingine pia.

La kwanza, atazame moto. Huko Napoli huoka katika tanuru la matofali lenye kuni, na joto lake hupita digrii 400. Pizza haikai humo zaidi ya dakika moja na nusu. Kwa joto hilo ukingo wa mkate huumuka upesi na kupata madoa meusi, na ndani hubaki laini. Moto ukiwa dhaifu, mkate hukaa sana, hukauka kama biskuti, na jibini hutoa jasho la mafuta. Jambo hili si geni kwetu. Waoka mikate wa mitaa yetu nao wana matanuru ya matofali. Huchoma kuni humo mpaka ukuta ushike joto, husukuma makala kando, hufagia sakafu, kisha hutupa unga kidogo kuupima. Ukiungua papo hapo, hungoja. Ukigeuka rangi polepole, huanza kazi. Mtu aliyekua karibu na tanuru kama hilo asijione mjinga mbele ya pizza. Ajua nusu ya ufundi wake.

La pili, aulize unga ulikandwa lini. Unga wa pizza wataka ngano, maji, chumvi na hamira, basi. Lakini wataka pia saa nyingi za kupumzika, ili hamira ifanye kazi yake. Unga uliokandwa sasa hivi kwa haraka hulemea tumbo usiku kucha. Swali hili halimwudhi mwokaji hodari. Hulifurahia, na mara nyingi hukuonyesha madonge yake yaliyofunikwa kwa kitambaa.

La tatu, atazame walaji. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkahawa unaomtuma kijana njiani kuwavuta wapitao kwa mkono una sababu yake. Lakini penye waendesha pikipiki, makarani na akina mama wenye vikapu, hapo chakula hakikai. Na jibini hasa haipendi kukaa. Umeme wa miji yetu hukatika, friji hulala, na jibini ya juzi huwa na harufu ambayo moto hauiondoi. Tena, pizza huliwa kwa mkono. Kwa hiyo atafute ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Katika Ebola ile iliyoshika Kivu ya Kaskazini na Ituri toka 2018 hadi 2020, ndoo hizo zilikuwa kila mahali. Nyumba iliyoendelea kuijaza yake hata baada ya hatari kupita ina mwenye akili.

La nne, aulize bei kabla ya kuketi, tena autazame mfuko wake. Hapa kwetu twalipa kwa faranga na kwa dola, na kila mtu ajua kwamba noti ya dola iliyochanika kidogo hukataliwa. Aombe pizza ndogo kama iko. Ile kubwa huwa na upana wa sentimita thelathini na zaidi, nayo humshinda mtu asiyekuwa na njaa ya shamba. Na mara ya kwanza aagize Margherita. Nyanya, jibini na majani haviwezi kuficha kosa la mwokaji. Mkate uliofunikwa kwa vitu kumi, pengine unafunikwa kwa sababu.

La tano, achague kiti kinachoelekea tanuru. Mtu wa peke yake hajui aweke macho wapi. Akiwatazama watu, huonekana mpelelezi. Akitazama ukuta, huonekana mwenye msiba. Moto ni mwenzi mwema. Wamtazama bila kukuuliza neno, tena wauona mkate wako tangu unga hata sahani.

Hayo tuliyajaribu Kampala. Tulikwenda kuhiji Namugongo, siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, na baada ya wenzetu kuondoka tulibaki siku mbili tukingoja gari la kurudi kwa njia ya Goli na Mahagi. Jioni ya kwanza tuliingia nyumba moja yenye tanuru. Msichana aliyetupokea alisema siku ile ilikuwa ya pizza mbili kwa bei ya moja. Miji mikubwa ina desturi hiyo ya kuvuta wateja, lakini kwa mtu wa peke yake ni fumbo. Tulimwambia, "Dada, sisi ni tumbo moja." Akacheka, akasema, "Baba, ya pili haikosi mwenyewe."

Alisema kweli. Tulikula ya kwanza polepole, mbele ya moto, nayo ilikuwa njema, ukingo wake umeumuka na kuungua kidogo. Ya pili tuliichukua katika boksi lake. Langoni alikuwapo askari wa zamu, mtu mzima, ameketi kwenye kiti cha plastiki na fimbo magotini. Tulimsalimu, tukafungua boksi, tukasema, "Karibu, mzee." Hakukataa. Alinawa kwa maji ya chupa, akavunja kipande, naye akatukaribisha kwa kile tulichompa, kama ilivyo adabu. Basi tukala tena, kidogo, ili asile peke yake. Alituambia kwamba watoto wake wako mbali, na kwamba kwa zamu ya usiku yeye hula kila siku peke yake, chini ya taa ile.

Wengine watasema, mji wangu hauna tanuru la namna hiyo, au mfuko wangu hauwezi. Ni kweli, na jibu lake ni jepesi: kula kile ambacho moto wa mahali pale wajua kukipika. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Huko Kampala, mtaa wa Wandegeya wajulikana kwa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, nyanya na vitunguu. Hupikwa kando ya njia mbele ya macho yako, nayo huliwa na mtu mmoja bila meza. Unguja, katika bustani ya Forodhani, jioni huuzwa kitu kiitwacho pizza ya Zanzibar. Si ya tanuru. Donge la unga hunyoshwa likawa jembamba kama kitambaa, huwekwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, hukunjwa, hukaangwa kwa mafuta juu ya chuma. Ndugu yake ni mantabali, wala si mkate wa Napoli. Lakini mgeni wa peke yake huila moto moto akitazama bahari, nayo humtosha. Na hapa Bunia, ukiingia mkahawa wa mama mwenye jiko la makala na sufuria tatu, usimsumbue kwa pizza. Mwulize samaki wa Kasenyi au wa Tchomia alifika lini. Akisema leo, keti. Umepata.

Neno kwa wenye mikahawa. Mteja wa peke yake asisukumwe kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango wa choo, wala asiuziwe yaliyosalia kwa kuwa hana shahidi. Leo yu peke yake, lakini akishiba vema, kesho atawaleta wanne. Na mama ampaye salamu kamili, "Habari ya safari, papa? Karibu," amempa kitu kisichoandikwa katika bei.

Na neno kwetu sisi tulio na meza zilizojaa. Zamani mpita njia aliyekuta watu wanakula hakupita kimya. Aliambiwa, "Karibu," naye alijibu kwa shukrani, hata kama hakuketi. Mjini tumeliacha neno hili, kila mmoja ainamia sahani yake. Turudishe. Ukimwona mtu ameketi peke yake katika meza ya pili, si lazima umgawie chakula, wala si lazima umwulize habari za nyumba yake. Mwambie tu karibu. Pengine ndilo neno la kwanza alilosikia siku ile lisilokuwa la biashara.

Nawe uliye peke yako leo katika mji usiokujua, ingia. Tazama moto, uliza bei, nawa mikono, agiza kilicho chema kadiri ya mfuko wako, ukile kingali moto. Kula peke yako si aibu. Yaliyo mabaya ni mawili tu: kulala na njaa kwa kuogopa macho ya watu, na kushiba bila kumwona aliye langoni.