Kiunzi na Mauti

Baba yangu mdogo alikuwa mwashi wa Mwisenge, mjini Musoma. Tangu utoto nilimwona akifunga mirunda kwa kamba na kupanga mbao juu yake, kisha akajenga. Alizoea kuniambia kuwa kiunzi si nyumba, lakini ukuta mrefu haujengwi pasipo kiunzi. Asubuhi moja mwiko ulimponyoka. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakamtatiza kinywani. Tulidhani ni uchovu, tukamlaza kivulini hata alasiri. Kumbe kilikuwa kiharusi.

Baadaye nilisoma elimu ya viumbe, nikajua kuwa ubongo nao una viunzi vyake. Mahali chembe moja ya neva ikutanapo na nyingine pana protini iitwayo PSD-95. Upande mmoja imeshika mlango upokeao glutamati, mjumbe wa neva. Upande wa pili imeshika kimeng'enya kitengenezacho hewa ya oksidi ya nitriki. Katika afya ujirani huu ni heri, kwani habari hufika upesi. Damu ikizibwa, glutamati hufurika, kalsiamu huingia mlangoni kwa wingi, na kimeng'enya hutoa hewa ile kupita kiasi, ikawa sumu. Kamba iliyotumikia uhai hupitisha amri ya kifo.

Mwaka 1999 wataalamu wa Toronto, Kanada, walipunguza protini hiyo katika chembe zilizokuzwa maabarani. Kalsiamu iliingia kama kwanza, lakini vifo vya chembe vilipungua. Mwaka 2002 walitenganisha kiunzi na mlango wake katika panya wenye kiharusi, na madhara yakapungua. Hekima yao ilikuwa kulegeza fundo, si kubomoa kiunzi. Lakini binadamu si panya: jaribio la wagonjwa 1,105, lililotangazwa mwaka 2020, halikuleta faida iliyotarajiwa kwa wagonjwa wote kwa jumla.

Hata hivyo elimu hii imenifunza jambo moja zito. Chembe hazifi zote kwa pigo moja. Nyingine hufa kwa dakika, nyingine hungoja kwa saa kadhaa zikipokea amri. Saa zile za kivulini zilikuwa zetu, nasi tulizipoteza. Baba mdogo aliishi, bali mkono wake haukurudi kazini. Hakutulaumu kamwe, na upole wake ulituuma kuliko lawama.

Basi msomaji, umwonapo mtu mdomo umepinda na mkono umelegea, usimtafutie kivuli; mtafutie tabibu.