Swali Lililoahirishwa

Desemba 2012, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu mjini Sydney, niliiona kwa mara ya kwanza kadi ya nauli iitwayo Opal. Ilianza kwa majaribio katika njia moja tu ya kivuko, kati ya Circular Quay na Neutral Bay. Abiria aliigusisha kwenye mashine, akapanda, basi. Nilidhani ni jambo jepesi.

Kumbe mji ule ulikuwa umeisubiri kadi ya namna hiyo tangu miaka ya tisini. Mradi wa kwanza, Tcard, ulikusudiwa uwe tayari kwa Michezo ya Olimpiki ya 2000. Michezo ikaja, ikapita. Januari 2008 serikali ya jimbo la New South Wales ikauvunja mkataba, na shauri likaishia mahakamani.

Wahenga wangesema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mimi naona kiini kilikuwa kingine. Treni, mabasi na vivuko vilikuwa na nauli mbalimbali, zilizorundikana kwa miongo. Mkata tiketi aliweza kuishi na utata huo, kwani penye shaka alitumia busara. Kompyuta haina busara. Hudai jibu la kila swali ambalo wakubwa wameliahirisha. Mwaka 2010 madaraja ya nauli za treni yalipunguzwa kutoka 20 hadi 5, na kadi iliyofuata ikakuta njia imekwisha kusafishwa.

Niliporejea nyumbani niliteuliwa katika kamati ya mfumo mpya wa kusajili wanafunzi. Ofisi moja ilimhesabu aliyelipa nusu ya ada kuwa mwanafunzi, nyingine haikumhesabu. Niliiona tofauti hiyo kikaoni. Kwa kuwa nilikuwa mdogo kwa cheo, nikanyamaza, na vijana walioandika programu wakaachiwa kukisia.

Asubuhi ya mtihani, binti mmoja alisimama mlangoni mwa ukumbi, risiti ya nusu ada mkononi. Mfumo ulisema hayupo. Msimamizi wa mlango ule nilikuwa mimi, nami nilimrudisha.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini miradi mikubwa ya programu hukwama. Huwasimulia habari za Sydney kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuzisimulia. Kisha huwasimulia habari za mlango ule.