Turubai la Gari Letu



Land Rover yetu hapa Sangailu ni ya miaka ya sabini, nayo haina paa la bati. Juu na ubavuni ni turubai tupu, lililotandazwa juu ya mataruma ya chuma mfano wa jahazi lililopinduliwa. Wakati wa kiangazi ni raha, upepo wapita. Tatizo ni mvua.

Vuli ya mwaka 2023, mvua za El Nino zilipoifurikia Garissa, tulimpakia jirani aliyeshikwa na uchungu tumpeleke Masalani. Alijifungua salama, alhamdulillahi; lakini godoro alilolalia njiani lilikuwa chepechepe, na kanga alizomwandalia mtoto ilibidi zikamuliwe. Hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sasa wifi yangu ana mimba, na siku zake zaangukia masika.

Mume wangu alikuwa amekwisha kupaka silikoni kila penye ufa alioushuku, bila faida. Aliyetufungua macho ni mavyaa, ambaye ujana wake wote alijenga nyumba za wafugaji kwa fito na mikeka, kazi ambayo kwa Wasomali ni ya wanawake. Alisema, "Mwanangu, maji hayadondoki pale yalipoingilia. Tena msiyamwage juu kwanza, yatateremka kila mahali msijue mlango wake. Anzeni chini, mpande polepole, na mmoja awe ndani."

Basi mume wangu alishika birika, nami nikaingia na tochi, nimekwisha kuyapaka mataruma unga wa ngano ili njia ya maji ionekane. Alianza na milango: pakavu. Akapanda hadi vidirisha vya hewa vilivyo chini ya kioo cha mbele, maji yakanimwagikia miguuni, kwani mpira wake ulikuwa umekauka kama kifuu. Alipofika pale turubai linapokutana na fremu ya kioo, niliona mfereji mwembamba katika unga, ukitambaa juu ya chuma hadi katikati ya gari, ukadondoka papo hasa palipokuwa na godoro. Na silikoni yote ilikuwa imepakwa nyuma!

Lililobaki lilikuwa langu. Turubai lenyewe lilikuwa likitoka jasho, na sababu niliijua: kabla ya Idi nililisugua kwa brashi na sabuni ya unga, nikaiondoa nta iliyokuwa ikizuia maji. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilipomwambia mume wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini lilitakata, Mama Watoto."

Mpira mpya wa vidirisha tuliukata katika tyubu kuukuu ya tairi. Mishono, na ule ukingo wa mbele, tuliirudia kwa uzi wa pamba, kwa kuwa pamba ikilowa huvimba na kuziba tundu la sindano, jambo ambalo nailoni haifanyi. Nta ya nyuki tuliinunua kwa Waaweer, warina asali wa msitu wa Boni, tukaisugua juani hadi turubai likainywa.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Alfajiri nilikwenda kulipapasa godoro, nikalikuta kavu, ila kona ya nyuma ya kushoto ingali yavuja tone baada ya tone, nasi bado twaitafuta asili yake. Wifi amekwisha kuchagua upande atakaolala: wa kulia.